Mchanganuo wa biashara unafundisha kweli au ni karatasi za kuombea mkopo tu? (nina wazo la viazi vya kumenya, Mbeya)

Binti_Ilomba

Shikamooni wakubwa, rika langu habari za jioni. Naombeni ushauri wa kweli maana hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima.

Niko Mbeya, Ilomba, nina miaka 26, diploma nimemaliza mwaka juzi na tangu hapo namsaidia shangazi dukani. Nimejibana nimepata laki tisa, na kikoba chetu tulivyovunja mwezi uliopita nikapata laki tatu, jumla 1,200,000. Ndo hela yote niliyonayo, ikipotea sina pa kuitoa nyingine.

Wazo langu ni viazi. Ukitoka Kabwe ukaja mpaka Mwanjelwa ukashuka Mafiati vibanda vya chipsi vimepangana, na kila kibanda asubuhi utakuta mtu ameinama kwenye ndoo anamenya. Nikawaza kwanini nisinunue viazi kwa gunia, nimenye na kukata nyumbani, niwapelekee vikiwa tayari kwenye ndoo yenye mfuniko, wao wabaki na kukaanga tu? Viazi kwetu sio vya kutafuta, vinashuka kutoka milimani, Isyonje na Uporoto, kila siku.

Shangazi anasema anza kesho, biashara inajifunzwa ndani ya biashara. Kaka yangu anasema andika mchanganuo kwanza. Nikamuuliza wa nini na mi siendi benki, akasema we andika utaona. Basi nimekaa na daftari siku tatu, nimeandika utangulizi, dira, dhamira, malengo ya miaka mitano, nimechoka na hicho cha kuona sijakiona. Kitu pekee nilichofurahia ni hesabu, iko hivi: gunia la kilo 100 pale Mwanjelwa 75,000, kulibeba mpaka nyumbani 5,000, wamenyaji 10,000, maji na vitu vidogovidogo 5,000, jumla 95,000. Nauza kilo 1,300, kwahiyo kilo 100 ni 130,000. Faida 35,000 kwa gunia, gunia moja kwa siku, siku 26, inakuja 910,000 kwa mwezi.

Swali langu, huu mchanganuo unanifundisha nini ambacho nisingejifunza nikianza tu? Na kama unafundisha, nauandikaje?

Mkongwe_Makambako

Marahaba mwanangu. Nimefanya biashara ya mazao miaka 19, nimeanguka mara mbili na nimesimama, kwahiyo nakujibu kwa moyo wote maana ningempata wa kuniambia haya wakati ule ningekuwa mbali.

Dira na dhamira ziweke pembeni kwanza, sio mbaya ila hazikufundishi kitu leo. Kinachofundisha ni hiyo hesabu yako ya mistari mitano, na yenyewe haijafundisha bado kwasababu umeiandika umekaa. Chukua kalamu nyekundu, kila namba andika pembeni umeitoa wapi. Kuna namba uliyoipima mwenyewe, kuna uliyoambiwa na mtu (andika ni nani na alikuwa anauza au ananunua, maana anayeuza na anayenunua hawakwambii kitu kimoja), na kuna uliyoidhani. Nina hakika ukimaliza utakuta za kudhani ndo nyingi. Hapo ndo mchanganuo unapoanza kazi, unakuonyesha usichokijua kiko wapi, unavaa viatu unaenda kukitafuta.

Nikupe mmoja tu. Umeingiza kilo 100 umetoa kilo 100. Maganda yameenda wapi? Macho ya viazi, vilivyooza katikati ya gunia, vile vidogo kama goroli ambavyo hakuna anayekata chipsi? Kesho nunua ndoo moja tu, azima mizani, pima, menya, pima tena. Hiyo kazi itakugharimu asubuhi moja, na itakufundisha kuliko kurasa zote ulizoandika.

Halafu neno gunia lifute kwenye daftari lako lote. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100 lakini lumbesa (lile gunia la kujazwa kupita kiasi) we unaijua na mimi naijua, gunia la shambani na gunia la sokoni sio ndugu. Andika kilo tu, kila mahali. Mtu akikwambia gunia elfu sabini na tano muulize kilo ngapi, akikwambia hajui, basi hata bei yenyewe huijui.

Kamwene_Mafinga

Kamwene dada! Mi naongea kutoka Mafinga na naongea kwa uchungu kidogo.

Nilitaka kufuga kuku wa mayai. Nikaenda stationari moja mjini wanatengeneza michanganuo, nikalipa 50,000, nikapewa kitabu kizuri kimejalidiwa, kina majedwali, kina rangi. Nilikisoma nikajiona tajiri. Nikaleta vifaranga 300 mwezi wa saba. Wanaoijua Mafinga ya mwezi wa saba wameshaelewa. Kifaranga wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 mpaka 35, na kwetu usiku wa mwezi huo ukitoka nje pumzi inaonekana kama moshi. Kwenye kile kitabu mkaa ulikuwa gunia moja kwa kipindi chote cha kulea. Mimi gunia la kwanza liliisha siku ya nne.

Nakumbuka usiku wa siku ya sita, saa nane hivi, niliingia bandani na tochi ya simu nikakuta wamerundikana kona moja kama mchanga uliomwagwa, nilivyowatenganisha kwa mkono wa chini walikuwa wameshakufa kwa kubanwa. Nilihesabu 74. Nikakaa pale chini mpaka kunakucha.

Baadaye nilikirudia kile kitabu mstari kwa mstari nikagundua ni mchanganuo wa mtu wa Dar, wamebadilisha jina na mkoa tu. Bei ya chakula ya Dar, mkaa wa Dar, hata umbali wa soko ni wa kule. Hesabu zilikuwa sahihi kabisa ila kwa mtu mwingine na sehemu nyingine.

Kwahiyo dada jibu langu ni hili, mchanganuo unafundisha ila ni ule unaouandika mwenyewe kwa mkono wako. Ningeandika mwenyewe neno mkaa, ningelazimika kumuuliza jirani anayefuga anatumia magunia mangapi mwezi wa saba, na huyo jirani alikuwepo, nyumba ya tatu tu kutoka kwangu. Sikumuuliza kwasababu kitabu kilikuwa kimeshanijibu.

Sasa hivi nafuga tena na niko vizuri, vifaranga naingiza mwezi wa kumi.

MamaChipsi_Soweto

Ugonile mwanangu. Mimi ndo huyo mteja wako unayemzungumzia, nina kibanda huku Soweto mwaka wa saba huu. Nikuambie vya jikoni ambavyo hutaviona ukiwa unapita barabarani.

Unaona mtu ameinama asubuhi anamenya unadhani ni shida yetu. Mimi anayemenya ni binti ninayekaa naye, na saa hizo za asubuhi wateja hakuna, tunamenya huku tunaongea na maharage yako jikoni. Ukiniletea vilivyomenywa nikulipe zaidi, yule binti bado nitamlipa maana jioni namhitaji. Sasa nimeokoa nini?

Pili kiazi kikishamenywa ni kama maziwa, hakisubiri mtu. Ukikiacha wazi kinaanza wekundu wekundu halafu kinakuwa cheusi, ni hewa inakifanya hivo. Tunakiweka kwenye maji ndo kinatulia, ila kikilala kwenye maji sana nacho kinakunywa maji, ukikitia kwenye mafuta yanaruka hayo, na chipsi inatoka laini haisimami. Wewe utamenya usiku ulete saa nne asubuhi mimi nikaange saa moja jioni. Huo muda katikati umeuandika wapi kwenye daftari lako? Ndoo yenye mfuniko peke yake haitoshi.

Shida yangu ya kweli unataka kuijua? Viazi vyenyewe. Nikinunua gunia zima juu vimepangwa vikubwa vizuri, nikimwaga katikati ni vidogo na vingine vina kijani vilipigwa na jua, hicho kijani kichungu na sio kizuri kwa mtu kula, lazima ukate utupe. Nikinunua kwa ndoo ya kilemba (iliyojazwa mpaka ikapita mdomo) naona ninachonunua ila bei inauma. Na hela ya gunia zima siku zote sina kwasababu nanunua na mafuta, mafuta ndo yanayomaliza mtaji wa chipsi, sio viazi.

La mwisho mwanangu. Usije kwangu ukaniuliza mama ungenunua viazi vya kumenya? Nitakwambia ndio. Binti wa watu amekuja na heshima zake, ameniamkia, mi nitamkataliaje usoni? Niulize jana nilinunua viazi wapi, kwa shilingi ngapi, vingapi nilitupa, nani alimenya. Hapo siwezi kukupamba maana ni vitu vimeshatokea. Au niombe hela kabisa, niambie mama nipe elfu tano kesho kutwa nakuletea ndoo. Nikitoa andika kwenye daftari, nikianza kukwambia mambo ya wiki ijayo basi mwanangu umeshajibiwa.

Binti_Ilomba

Mama shikamoo, asante sana, kaka wa Mafinga pole mno nimesoma hiyo ya saa nane usiku nimeumia.

Nimefanya kama mzee wa Makambako alivyosema. Nimenunua viazi nikapima kilo 20 kamili kwa mizani ya duka la shangazi. Nimemenya na kukata mwenyewe na kisu cha kawaida, nimetoa vilivyooza viwili na vya kijani. Vilivyobaki tayari kwa kukaanga ni kilo 15 na gramu 200. Imenichukua saa moja na dakika 50 na mgongo unauma.

Yaani kwenye kilo 100 nabaki na 76. 76 mara 1,300 ni 98,800. Gharama 95,000. Faida 3,800 kwa gunia, sio 35,000!! Na nimekumbuka sikuandika boda ya kuwapelekea wateja, hata nikimbembeleza ni 4,000 kwa siku. Kwahiyo ninapata hasara ya shilingi mia mbili kila siku nikifanya kazi toka alfajiri. Nimeirudia kwenye kalkuleta mara tatu.

Nimekaa kimya muda mrefu. Nimewaza ningekuwa nimeanza ile kesho ya shangazi, hii ningeijua mwezi wa pili hela ikiwa imeshakatika na ningedhani nimelogwa.

Mwl_Uyole

Binti hongera, na usikate tamaa. Hiyo hasara ya mia mbili uliyoiona kwenye karatasi ndo kazi ya karatasi. Nafundisha stadi za biashara na kila muhula napata vijana wanaoandika kurasa 40 bila kutoka nje ya geti. Nyumbani kwangu nina mizani, wakija nawaambia waende nayo sokoni kwanza.

Kuna karatasi moja nzuri kwa hatua uliyopo, ilibuniwa na Mswisi anaitwa Alexander Osterwalder, ni ukurasa mmoja wenye vyumba 9: wateja wako ni akina nani, unawapa nini cha thamani, unawafikiaje, unahusiana nao vipi, hela inaingiaje, una rasilimali gani, kazi zako kuu ni zipi, unashirikiana na nani, na gharama. Uzuri wake ni mfupi, ukikosea unafuta chumba kimoja haikuumi, wakati mtu aliyeandika kurasa 40 anaanza kuzitetea. Chumba cha thamani kwako kilikuwa kimeandikwa "kumenya". Mama wa Soweto amekifuta chote kwa aya moja. Mimi ningemsikiliza sana huyo mama.

Viwili vya kitaalamu. Kwanza usije ukashawishika kuweka viazi kwenye friji siku nyingi ukidhani unavitunza. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali wanga wake unageuka sukari, ukikikaanga chipsi inakuwa nyeusi nyeusi nje na ndani bado. Tunza sehemu ya ubaridi wa kawaida, penye giza na hewa inayopita, na kwa hali ya hewa ya Mbeya hilo tumepewa bure.

Pili kodi. TIN (namba ya mlipa kodi) ni bure, kachukue TRA, mamlaka ya mapato. Lakini elewa mfanyabiashara mdogo anakadiriwa kwa mauzo, sio kwa faida. Biashara kama hiyo ya kwanza, mauzo karibu laki moja kwa siku na faida karibu sifuri, mwaka ukiisha una mauzo ya milioni 25 na zaidi kwenye makaratasi na mfukoni hakuna kitu, na kodi iko palepale. Andika mstari wa kodi toka mwanzo.

Kamwene_Mafinga

Na kama utafikiria ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba ila inataka kikundi na andiko. Usikimbilie sasa. Mkopo usio na riba nao unarudishwa. Jaribu kwanza kwa hela kidogo ya kwako, ukienda kule uende na namba ulizopima, utajibu maswali bila kuangalia karatasi. SIDO (shirika la viwanda vidogo) nao wana mafunzo ya usindikaji, mi nilipita nilivyorudi kwenye kuku, kama siku moja utataka krispi za kwenye pakiti anzia pale. Krispi za pakiti TBS (shirika la viwango) wanakuhusu, kazi ya usalama wa chakula ilihamia kwao kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019.

Binti_Ilomba

Nimerudi, ni siku tisa. Samahanini kwa kuchelewa, nimetembea mpaka kandambili imekatika.

Nimeenda vibanda 14. Vinne vya kwanza nilikosea, niliuliza "ungenunua" na wote wanne wakasema wazo zuri sana Mungu akubariki. Nikakumbuka maneno ya mama nikabadilisha, kuanzia cha tano nikawa nauliza jana ulinunua wapi na kwa shilingi ngapi. Mwishoni nawaambia wote 14 (wale wanne niliwarudia) nataka kuanza kuleta vilivyokatwa, naomba 5,000 ya kutangulia. Waliotoa ni wawili. Mmoja yuko karibu na stendi anauza mpaka saa sita usiku, anasema Ijumaa na Jumamosi vinamuishia saa tatu usiku na saa hiyo hana wa kumenya. Wa pili ni kijana anafanya kazi peke yake hana msaidizi.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea. Katika wale 10 niliowauliza vizuri, tisa walisema shida ileile ya mama, gunia juu vikubwa katikati vidogo. Mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda akanionyesha kiroba cha vidogo alivyovitoa kwenye gunia moja, alivipiga teke, akasema hii ni hela yangu dada, hii nampa mtu wa nguruwe bure. Nikakiinua kile kiroba. Ni kizito. Hapo ndo nimeielewa biashara yangu, nimeielewa nikiwa nimekibeba kile kiroba.

Kwahiyo nimefuta chumba cha thamani nimeandika upya: viazi vilivyochambuliwa kwa saizi, unalipia unachokiona. Vikubwa kwa watu wa chipsi, vya kati kwa majumbani na mama ntilie, vidogo bei ya chini. Jumapili nilimwaga gunia la kilo 100 sebuleni kwa shangazi nikachambua nikapata ndoo za kilemba tatu za vikubwa, mbili za kati, nusu ya vidogo, vingine vya kutupa. Nimeshauliza bei, vikubwa vitupu watu nane wamekubali 18,000 kwa ndoo na watano wametanguliza hela. Vya kati 14,000. Vidogo nusu ndoo 4,500. Jumla 86,500.

Nikinunua Mwanjelwa kwa 75,000 na kubeba 5,000 nabaki na 6,500, haifai. Lakini kuna dereva anayeshusha mzigo kutoka Isyonje amenipa bei ya huko, kilo 100 ni 55,000, usafiri 6,000, kupakia 1,000, jumla 62,000. Nabaki na 24,500, nikitoa kuchambua na sehemu ya kuwekea 5,000 inakuwa 19,500. Kwenye daftari nimeandika 15,000 ili nisijidanganye. Pembeni ya 55,000 nimeandika kwa kalamu nyekundu NIMEAMBIWA NA ANAYETAKA KUNIBEBEA MZIGO.

Vile vya kukatwa sijaviacha, nitawafanyia wale wawili Ijumaa na Jumamosi tu, na wamekubali 1,800 kwa kilo kwasababu ni usiku. Maganda kuna mama mfuga nguruwe hapa jirani atachukua, nimemwambia ayachemshe na vya kijani nisimpe.

Nimebakiwa na maswali mawili. Wengi wanataka mali kauli (wachukue mzigo, walipe baadaye), niwape? Na nianze na gunia ngapi?

Mkongwe_Makambako

Mwanangu nimesoma nikamwita mama watoto nikamsomea. Hiyo kalamu nyekundu kwenye 55,000 imenifurahisha kuliko faida yenyewe.

Anza na kilo 500. Ni 310,000, ikiharibika yote umebaki na 890,000 za kuendelea. Na mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao toka sheria ya fedha ya 2017, kwahiyo usikubali mtu wa njiani akuongezee hiyo kwenye gharama.

Mali kauli iandikie ukurasa wake, maana hapo ndo watu wa mazao wanapofia. Chukua watu sita, kila mmoja ndoo mbili za 18,000, hiyo ni 216,000 iko nje. Wakichelewa siku nne tu na wewe umeshaenda safari ya pili, ni 432,000 iko mikononi mwa watu, na mtaji wako ni milioni moja na laki mbili. Kwenye daftari faida inaonekana, mkononi huna hata ya nauli ya Isyonje. Nilianguka mara ya kwanza nikiwa na faida, sikuwa na hela. Ni vitu viwili tofauti. Mi ningewapa wale tu waliotanguliza, ndoo ya pili baada ya kulipa ya kwanza, na malipo yaje jioni ileile kwa simu wakiwa wanauza, sio asubuhi wakiwa wanahesabu mafuta.

Na sehemu ya hatari usiandike "ushindani" kama wanavyoandika wote. Mimi nilikuwa na maharage ndani soko la Sido pale Mwanjelwa lilipoungua 2017, tangu siku hiyo mzigo wangu hauko chini ya paa moja. Wewe hatari yako ya karibu ni mvua. Zikianza Novemba mpaka Mei njia za ndani kule milimani zinateleza, gari haiingii, viazi vinabaki shambani na bei inaruka. Hiyo 62,000 yako ni ya kiangazi. Muulize mtu bei ya mwezi wa pili uiandike pembeni sasa hivi.

MamaChipsi_Soweto

Mwanangu na mimi niandike, ndoo mbili za vikubwa, elfu tano natuma leo. Ila viwe vikavu. Ukifika kule kata kimoja katikati, vipande usuguane, kikitoa maji mengi mfano wa kuchuruzika kiache, hicho kinakunywa mafuta. Kinachonata ndo cha chipsi. Uliza na jina la mbegu, kama ni Arka au Sherekea au nyingine, uandike, ili nikisema safari hii vilikuwa vizuri ujue cha kurudia.

Binti_Ilomba

Mama nimepata, asante, nimekuandika wa sita. Naenda Jumanne na gari ya kwanza, nimeazima mizani ya kuning'iniza ya shangazi. Shangazi mwenyewe amesema atakuja, anasema kwenye kupima haniamini. Nikirudi naweka hapa bei niliyoikuta kwa kilo, na ya mwezi wa pili kama nitampata mkulima wa kuniambia.

Mwl_Uyole

Pimia mzigo kabla haujashonwa mdomo, na utangulie kupima mizani yenyewe na kitu unachokijua, paketi mbili za sukari za kilo moja zinatosha. Fika kabla ya saa mbili, baada ya hapo malori makubwa yanakuwa yameshaanza kupakia na mwenye kilo 500 hasikilizwi.